Siti ya Mbeba Mkaa

“Baiskeli unaikalia, mwalimu. Aliyekaa amepumzika.”

Hivyo ndivyo alivyoniambia kapteni wa kikundi chetu cha mazoezi pale Igogo, na mimi, mwanamke wa miaka arobaini na moja ninayefundisha sayansi shule ya msingi, nikamwamini. Mpaka leo nikiikumbuka kauli hiyo nakunja ngumi.

Nilikuwa mkimbiaji. Kwa miaka miwili nilikimbia siku tano kwa wiki, na mwaka ule nilijiandikisha kwa mara ya kwanza mbio za kilomita ishirini na moja. Nilizitaka mbio zile kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka kwa ajili yangu peke yangu. Ilipobaki miezi mitatu nikanunua baiskeli ya mtumba, ili magoti yapumzike na kishindo cha lami. Wazo lilikuwa zuri, na bado ni zuri. Ubaya ulikuwa kwenye hesabu ya kapteni: siku zangu mbili za kupumzika alizifanya za baiskeli, Igogo mpaka Nyakato na kurudi, na zile tano za kukimbia hakupunguza hata moja.

Fundi wa baiskeli naye aliishusha siti mpaka mwisho. “Ili miguu ifike chini, mama, usije ukaanguka.” Nikamshukuru.

Wiki ya tatu goti la kulia likaanza kuuma kwa mbele. Nikamwambia kapteni.

“Uzee huo, mwalimu!”

Kikundi kizima kikacheka. Na mimi nikacheka. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Jumamosi moja tulivuka kwa kivuko mpaka Kamanga, tukaendesha kuelekea Sengerema, kisha tukageuza. Kapteni alitufuata kwa pikipiki, akipiga honi. Tuliporudi kusubiri kivuko, goti lilikataa kukunjika. Mwanamume mmoja mwenye magunia mawili ya mkaa kwenye keria ya baiskeli yake akaitazama baiskeli yangu, akaitazama tena.

“Dada, huwa unabeba nini?”

“Sibebi kitu. Nafanya mazoezi.”

“Sasa siti umeishusha ya nini? Mimi naishusha kwa sababu ya mzigo. Nikisimama lazima nikanyage chini, la sivyo gunia linanilaza. Ningekuwa sina mzigo, ingekuwa hapa.” Akajigusa nyonga. “Utayaua magoti. Nani kakufundisha?”

Nikamgeukia kapteni. Alikuwa amesikia kila neno.

“Achana naye, mwalimu. Kesho saa kumi na mbili asubuhi, kilomita kumi na nane.”

“Kwa mguu upi?”

“Si leo ulikaa?”

Nilikwenda. Nimefundisha watoto kuuliza maswali maisha yangu yote, na nilikwenda. Kilomita ya saba nikaketi kando ya barabara. Zahanati wakanipiga marufuku kukimbia miezi miwili na nusu, na mbio zangu zikapita mbele ya macho yangu nikiwa nimesimama na watazamaji, namba yangu ya kifuani imekunjwa kwenye mkoba.

Kwa hiyo nisikilize, wewe unayeanza. Kaa kwenye siti, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa: mguu unyooke. Ukikanyaga kwa mbele ya wayo kama kawaida, goti litabaki limekunjwa kidogo tu. Na siku ya baiskeli ni siku ya kazi. Ukiiongeza, ondoa moja ya kukimbia. Siti ikiwa juu utayumba wiki ya kwanza, sote tuliyumba.

Mwezi uliopita alikuja kikundini mama mmoja muuza dagaa, na baiskeli yenye siti chini kama kigoda. Alitaka kukimbia na kuendesha, vyote viwili. Kapteni akakohoa.

“Mama, baiskeli unaikalia…”

“Nyamaza,” nikamwambia, mbele ya wote. Safari hii hakuna aliyecheka.

Nikatoa spana mkobani, nikaipandisha siti. Mama akapanda, akapiga ukelele, akanyooka barabarani huku nikimkimbilia pembeni, polepole, goti likinikumbusha kila hatua.

“Mwalimu, na kesho nikimbie?” akauliza, akihema.

“Kesho huendi popote,” nikasema kwa sauti, ili kapteni asikie. “Kesho unapumzika.”