Mbuzi wa Kila Mnada

Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini hapa Ringwani muulize yeyote nyumba ya bati jekundu ni ya nani. Pikapu ni yangu, ng'ombe ni wangu, na mbuzi wanaoliwa na wageni kwenye hoteli ya kule Ikoma, wengi wametoka mkononi mwangu.

Kilichonikera ni jirani. Kijana wa kutembeza watalii, Kiingereza anacho, basi kila ujumbe ukiingia kwenye simu yangu mke wangu anampelekea ausome. Anarudi anatabasamu. "Yule kijana ana kichwa," anasema. Na mimi mumewe, niliyemjengea nyumba, sina kichwa?

Meneja mpya wa hoteli alipokuja, aliandika kwa Kiingereza mbuzi wapelekwe "biweekly". Jirani akasoma, akasema ni mara mbili kwa wiki. Nikapeleka Jumatatu. Alhamisi nikapeleka tena, mpishi akanizuia getini. "Mzee, hawa rudi nao. Meneja anataka wiki moja ulete, nyingine upumzike."

Mwingine angekasirika. Mimi niliendesha polepole, mbuzi wanalia nyuma, nikapita kwa jirani nikipiga honi mpaka kwangu.

"Mbona umerudi nao?" mke wangu akauliza.

"Muulize mwenye kichwa."

Akaingia jikoni. Ugali wa siku ile ulikuwa mtamu.

Kesho yake jirani akaja mwenyewe. "Shikamoo, mzee. Nimesikia. Lile neno hata Waingereza wenyewe linawachanganya, huyu anasema hivi, yule vile. Nimempigia meneja, nikamwambia tuseme kila mnada. Amekubali."

Mnada wetu wa mifugo wiki hii upo, ijayo haupo. Huku kuogesha ng'ombe, kwenda kuposa, vyote tunapanga mnada huu au mnada ujao. Mimi nimekulia mnadani, nilianza kwa kuswaga ng'ombe wa watu. Neno lile lilikuwa langu, yeye ndiye aliyelipeleka kwa meneja.

Mke wangu akamletea kiti. Akatoa kikombe cha maua, kile cha wageni, akamimina chai ya maziwa. "Si nilikwambia?" akaniambia. "Ana kichwa."

Mbuzi napeleka mpaka leo, kila mnada, na meneja neno "mnada" analitamka vizuri tu. Nikirudi nataka chai, na naitaka kwenye kikombe cha maua. Jirani akija, apewe cha plastiki.