Mgebuka wa Bi Tausi

Nilikosea kudhani kwamba Severa alizaliwa ziwani. Mwaka 1954 alikuwa na wiki mbili tu za kuuza samaki wakavu wa Kigoma pale Kariakoo, akijifunza majina yao kwa wapakuzi wa garimoshi. Mteja wake mkubwa, Bi Tausi wa Ujiji, alitishia kumhamia muuzaji anayewajua samaki.

"Ewe mla ndizi, mgebuka ni yupi hapa?"

Severa akapapasa rundo, akainua samaki mwembamba, akampanua mdomo. Dagaa wawili wakachungulia kooni.

"Huyu, Bi Tausi, mfukuza dagaa! Dagaa wakiadimika ziwani, naye hukonda."

Bi Tausi akacheka hadi kanga ikamdondoka, akabeba gunia zima.

Miaka mingi baadaye niliambiwa kwamba Severa hakupata kuonja samaki hata mmoja; kwao Kibosho, kwenye migomba ya mlimani, hawakuliwa.