Mkwe Nyuma ya Ukuta

Mume wangu Gaspari alikuwa dresa, mfunga vidonda wa zahanati, pale Sepuka, enzi za Mwingereza. Alisafisha vidonda vyenye funza bila kukunja uso, lakini alimkimbia mama yangu mzazi. Ndiyo adabu ya kwetu: mkwe haingii alipolala mama mkwe wake, wala hamgusi, hata iweje.

Basi siku mama alipoteleza juu ya paa la tembe akianika mtama, akaanguka, akavunjika nyonga, dresa pekee wa karibu akawa mtu asiyeweza kumshika! Gaspari alisimama nje, akanielekeza kupitia tundu la ukuta: funga mguu hivi, weka mto hapa, mpe vidonge vya maumivu. "Na maji, Theodora. Mzee akizidiwa na maumivu na kiu, tena gizani, akili inahama."

Ikahama kweli. Mama alitema vidonge, akafunga mdomo, akaniita mchawi. Mimi, mwanawe! Akawa anaongea na baba, aliyekufa mwaka wa njaa, kwa sauti ya msichana, anacheka. Mchana kweupe, nywele zilinisimama.

Midomo yake ilikauka ikapasuka. Nikamfokea Gaspari: "Atakufa kwa adabu zako hizo! Jifanye baba. Mwambie anywe."

Akasogeza mdomo kwenye tundu, akaongea kwa sauti nzito: "Mama Theodora, kunywa dawa."

Mama akafumbua macho. Akameza vidonge, akanywa kata nzima ya maji. Halafu akaugeukia ukuta, akanyoosha mkono. "Nimekunywa, Baba Theodora. Sasa nije?"

Mungu wangu! Hilo hatukulifikiria. Akiambiwa ndiyo, mama anamfuata baba kaburini, na mimi ndiye niliyeitaka sauti hiyo.

"Bado," sauti ikajibu taratibu. "Kaa na mtoto. Nitakuja mwenyewe."

Mama akashusha mkono, akalala usingizi wa kawaida. Nikatoka mbio nimshukuru mume wangu. Pale ukutani hakuwapo. Nilimkuta mbali, zizini, ameshika kichwa, analia.

"Nisamehe," akasema. "Alipouliza kama aje, ulimi ulinifia. Nikakimbia."

"Gaspari, acha utani."

"Utani gani, mke wangu? Mimi sikumjibu."

Tulisimama pale, hakuna aliyetaka kutangulia kurudi. Kutoka ndani mama akaniita kwa nguvu, kwa jina langu, akaomba uji.