Mashine Iliyomkataa Mama Mkwe

Kabla sijamwoa mke wangu niligombana na kompyuta ya mama yake kwa siku tano, na katika siku hizo zote sikuthubutu kuingia chumba ilimokuwa yeye akiwa ndani.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, katika chuo kidogo cha ufundi upande wa Ikonge, katikati ya mashamba ya chai. Nilikuwa nimerudi kutoka Nairobi na cheti cha kompyuta, pamoja na majivuno ambayo cheti chenyewe hakikuyastahili. Wafadhili wa ng'ambo walikuwa wametuletea kompyuta sita zilizokwisha choka huko kwao. Zilitumia mfumo wa Linux kwa sababu Linux ilikuwa ya bure, na mkuu wa chuo alilipenda sana hilo neno bure. Tano zilipelekwa maofisini. Ya sita, tuliyoiita seva, iliwekwa katika stoo ya majembe, na stoo hiyo ndiyo ikawa ofisi yangu.

Seva ndiyo iliyotunza majina ya watu wote na paswadi zao. Siku hizi wataalamu wanasema nywila. Sisi tulisema paswadi na tukateseka vilevile. Ukikaa kwenye mashine yoyote chuoni na kuandika jina lako, mashine hiyo iliuliza seva kupitia waya kama unajulikana. Seva ikikukana, umekanwa kila mahali, hata kama umefanya kazi hapo tangu chuo kilipokuwa mabati matupu.

Aliyekanwa alikuwa karani wa chuo. Alikuwa mjane, Msabato wa kuigwa, taipisti aliyefunzwa zamani kutazama karatasi na si mashine, kwa hiyo vidole vyake vilikwenda mbio huku macho yakiwa kwingine kabisa. Alikuwa pia mama wa msichana niliyetaka kumwoa. Wazee wangu walikuwa wamekwenda kwake mara mbili. Mara zote mbili walinyweshwa chai, wakalishwa ugali wa wimbi na kuku, wakaambiwa mama bado anafikiri. Walipangiwa kurudi Jumapili ya wiki hiyo, na mjomba wangu alinipa onyo mapema.

"Tukirudi mikono mitupu tena, kijana, hiyo mlima hatupandi mara ya nne. Utafute mwingine."

Sikutaka mwingine. Nilitaka huyo huyo, na nilimtaka mpaka nilikuwa nikisahau kula, ingawa baadaye nitaeleza kwamba si wote waliokubaliana na maelezo hayo.

Sasa, asiyejua mambo ya Wagusii aelewe kwamba tangu wazee wangu walipokaa kwao mara ya kwanza, yule mama alikuwa amekwisha kuwa mkwe wangu, awe amekubali au hajakubali. Baina yetu kulikuwa na ensoni, ile haya inayomtenga omoko na omoko, yaani mkwe na mkwe. Sikuweza kumpa mkono. Sikuweza kukalia kiti chake, wala kusimama nyuma ya bega lake, wala kumkazia macho, wala kuzungumza naye habari za ovyo. Tukikutana kwenye ujia mmoja wetu aligeukia ukuta kana kwamba kuna tangazo la muhimu pale. Mahali pengine fundi wa kompyuta husimama nyuma ya mtu akamwambia hebu jaribu nione. Mimi sikuweza kuona chochote.

Basi tulimtumia mpishi mkuu wa chuo, mama mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde. Yeye alibeba maneno kati ya ofisi ya karani na stoo yangu, akiacha maharagwe jikoni yajipike yenyewe.

Jumatatu asubuhi ndipo mambo yalipoanza. Mkuu wa chuo alikuwa ametangaza kwamba kila mtu achague paswadi yake, nami nilikuwa nimewahutubia wafanyakazi kwa Kiswahili cha cheti changu. Niliwaambia paswadi nzuri ni jambo ambalo hujawahi kumwambia mtu yeyote. Nilimaanisha wasitumie majina ya watoto wao. Karani wetu, ambaye hakuwahi kusema uongo hata kwa wakaguzi, alinielewa jinsi nilivyosema.

Mpishi alifika akihema.

"Omoko wako anasema hiyo mashine imemkataa."

"Imesema nini?"

"Imesema kwa Kizungu. Imemkataa tu."

Nilifanya ninachofanya mpaka leo, nikabadilisha paswadi. Lakini ilibidi aiweke yeye mwenyewe, kwenye seva, kwa sababu ni siri. Kwa hiyo nilitayarisha mashine mpaka pale inapouliza neno jipya, nikatoka kwa mlango wa nyuma nikasimama kati ya migomba, ndipo yeye akaingia kwa mlango wa mbele. Alipomaliza alikohoa. Mpishi akaja kuniambia amekohoa. Nikarudi ndani, naye alikuwa amekwisha kwenda. Baada ya robo saa mpishi alirudi.

"Imemkataa tena."

Siku hiyo alikataliwa mara mbili. Jumanne na Jumatano tukarudia, na kila mara aliweka neno jipya, akisema lile la kwanza limeharibika. Nilibadilisha waya. Nilibadilisha kibodi nikachukua ya mwalimu wa useremala, ambaye hakuwa ameigusa bado. Wakati wa chakula cha mchana, yeye akiwa ametoka, niliingia ofisini mwake kama mwizi, nikageuza kreti la soda nikalikalia badala ya kiti chake, nikaandika jina langu na paswadi yangu. Mashine ikafunguka mara moja, bila aibu. Kwa hiyo mashine ilikuwa nzima, waya ulikuwa mzima, seva ilikuwa nzima. Kilichobaki kilikuwa mama mkwe wangu, na sikuwa mjinga wa kiasi hicho.

Wakati huo huo orodha ya watahiniwa ilikuwa inamngoja. Majina ya wanafunzi wote wa mwaka wa mwisho yalitakiwa yachapwe na yaondoke na gari la chuo Ijumaa saa sita mchana. Taipureta ya zamani haikuwapo. Mkuu wa chuo alikuwa ameiuza, siku ileile kompyuta zilipofika, kwa Mhindi mmoja mwenye duka la vifaa mjini Kisii. Jumatano alimwendea kuiomba kwa siku mbili. Akarudi akasema Mhindi amemjibu kwa upole kwamba mke wake anaipenda sana.

Mkuu akapendekeza niichape orodha mimi. Karani alituma jibu kwa mpishi, na mpishi alilitoa kwa sauti iliyosikika mpaka karakana ya uashi.

"Anasema kama kazi yake imepata mwenyewe mwingine, basi yeye aende nyumbani akachume chai! Na anasema Jumapili wageni wasije, hatakuwa na nguvu ya kupika!"

Nilikaa kwenye gunia la saruji. Mkuu wa chuo naye aliona tatizo limepita uwezo wa cheti changu, akauliza kama tumwite mchungaji aiombee mashine. Nilimjibu vibaya. Nina hasira za karibu, na siku hiyo zilikuwa karibu zaidi. Nilimwambia mashine haina roho, na kama ingekuwa nayo ningekwisha itoa kwa jembe, kwa kuwa majembe yalikuwa hapo hapo.

Alhamisi nilifungua kitabu cha maelekezo, kile kinene nilichokuwa nimewadanganya watu kwamba nimekimaliza. Huko mbele, katika sura ambayo sikuwahi kuifikia, nilisoma kwamba seva huandika kila anayebisha hodi na kukataliwa: saa ngapi, kutoka mashine gani, kwa jina gani. Ina daftari lake la ndani. Nilikuwa nimekaa na hilo daftari chumba kimoja kwa miezi bila kujua.

Nikalifungua. Jina la karani lilikuwapo, limeandikwa sawasawa. Kisha dakika nzima ya kimya. Kisha, kutoka mashine ileile, mtu mwingine kabisa amebisha hodi, mtu ambaye seva haimjui. Jumatatu asubuhi mtu huyo aliitwa anakulasana.

Nilidhani ni mwanafunzi mtundu. Nikashuka chini. Jumatatu mchana, jina la karani, dakika moja ya kimya, halafu mgeni aitwaye viatuvyakevichafu. Jumanne, kwaonimbali. Kwetu ni Ekerenyo. Nikatazama viatu vyangu.

Hapo ndipo nilipoelewa, na masikio yakaniwaka moto. Hawakuwa wageni. Zilikuwa paswadi zake. Mashine zile, ukiandika jina lako halafu ukanyamaza kwa dakika moja, zilichoka kukungoja zikaanza upya kuuliza jina. Yeye, macho yakiwa kwenye karatasi, aliandika paswadi mahali pa jina, na seva ikaiandika katika daftari kwa utiifu wake wote. Nilikuwa nimewaambia wachague jambo ambalo hawajamwambia mtu, naye alikuwa amenichagua mimi.

Nilipaswa kufunga daftari. Nilijua hivyo wakati ule na ninajua hivyo sasa. Mkwe hasikilizi mlangoni mwa mkwe wake, na hili lilikuwa baya kuliko kusikiliza mlangoni. Lakini nilikuwa nimeshaambiwa nina viatu vichafu, na nilitaka kuona mwisho wa mashtaka. Nikashuka hadi ya Jumatano, ya mwisho.

Ilikuwa nitabakipekeyangu.

Nilisoma mara moja tu. Binti huyo alikuwa wa mwisho nyumbani. Wengine walikwisha olewa, mmoja hadi Kitale. Hakuna mtu katika ukoo mzima aliyekuwa ameuliza ile nyumba itakuwaje jioni akishaondoka huyu. Wazee wangu walizungumza ng'ombe, wazee wao walizungumza ng'ombe, na mimi nilikuwa nikijiuliza kama ni elimu yangu haitoshi. Nilihisi aibu ambayo haikuwa ya kimila kabisa.

Ijumaa asubuhi nilimwita mpishi.

"Mama, akishaandika jina lake, huwa anafanya nini kabla ya paswadi?"

"Anaomba."

"Anaomba?"

"Si kazi inaanzwa na maombi? Anaandika jina, anafunga macho, anaomba. Na mimi naomba na yeye. Kwani wewe huombi?"

"Na akimaliza, mnaona nini kwa kioo?"

"Yaya, hapana! Mimi nageukia dirisha. Siri ya mtu utaiangaliaje?"

Kwa hiyo siku zote hizo nilikuwa na shahidi chumbani, na shahidi huyo alikuwa amefumba macho nusu ya muda na nusu nyingine anatazama migomba. Nilimwambia ampelekee maneno haya: mama aombe kwanza, aombe kadiri anavyotaka, hata aimbe, ila akishaanza kuandika jina asisimame mpaka amemaliza paswadi. Na kwanza aje aweke nyingine mpya. Nikatoka kwa mlango wa nyuma. Nikasikia kikohozi.

Baada ya dakika kumi na tano printa ilianza kulia. Sijawahi kusikia sauti mbaya iliyonifurahisha hivyo. Gari liliondoka na orodha kabla ya saa sita, na mkuu wa chuo akanipigia saluti kutoka kibarazani.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini mchana, kabla hajafunga ofisi kwenda kujiandaa na Sabato, karani alimtuma mpishi. Safari hii mpishi alikuja polepole, na sauti yake ilikuwa ya chini, jambo ambalo lilinitisha.

"Omoko anauliza. Ulijuaje kwamba anakaa kimya hapo katikati? Hiyo mashine yako inaandika mahali?"

Mwongo mzuri angesema hapana. Mimi si mwongo mzuri, na yule mama alikuwa haongopei hata wakaguzi. Nilisimama na bisibisi mkononi nikamwona mke wangu akiniponyoka.

"Mwambie ndiyo," nikasema. "Inaandika. Mwambie nimeyasoma yote, na sikupaswa. Mwambie nimekosa. Nimeyafuta, na sasa haiandiki tena."

Mpishi akageuka.

"Ngoja. Mwambie pia hatabaki peke yake. Mwambie nyumba nitapanga hapa hapa Ikonge, karibu na kituo cha majani chai. Ekerenyo tutakwenda kusalimia. Binti yake atakuwa anafika kwake kwa miguu, kila siku akitaka, na mimi sitauliza amechelewa wapi."

Alikwenda. Nikakaa kwenye gunia la saruji. Nje walimu walikuwa wakiagana, na mtu alikuwa anafunga madirisha ya karakana moja moja. Nilihesabu madirisha yote na bado hajarudi. Nilifikiria jinsi nitakavyomweleza mjomba wangu kwamba nimekataliwa kwa sababu ya kusoma. Ndipo mpishi akatokea mlangoni.

"Amelia kidogo," akasema. "Sasa amenawa uso. Anasema wazee waje Jumapili, na safari hii hataki kuzungumza mengi, atawapa jibu wakishakula."

Mpishi akanitazama vizuri, kisha akaangalia viatu vyangu, kisha tena usoni.

"Na anasema ukuje na njaa kidogo tu. Ile makosa yako ingine yote amefuta. Hiyo ya kula sana hajafuta."