Mama Gundi na Paneli Isiyo na Gundi

Mama yangu mdogo, aliyenilea tangu nikiwa mchanga, kazini wanamwita Mama Gundi. Kiwanda chao hutengeneza paneli nyepesi za kuta za magari ya kubebea vyakula: plastiki ngumu juu na chini, katikati plastiki yenye matundu kama sega la nyuki. Miaka nenda, miaka rudi, alizishikanisha kwa gundi inayowasha macho. Zamani alikuwa akiosha vyombo huku akiimba, tena kwa sauti ya kufukuza paka. Kikohozi kikaja kikamnyamazisha. Daktari hakumung'unya maneno: "Mama, chagua gundi au pumzi." Lakini kazi nyingine haijui, na kukaa bure hawezi.

Ndipo kiwanda kikaleta mashine ya kubana kwa joto. Plastiki huyeyuka kidogo pale zinapogusana, zikashikana zenyewe bila gundi.

"Leo tunaijaribu," msimamizi alisema. "Ikigoma, tunarudi kwenye gundi."

Paneli ya kwanza mama mdogo aliitoa ingali moto, kama alivyozoea kutoa zile za gundi. Tabaka la juu likabanduka, akabaki nalo mkononi. Kuacha mazoea ni kazi.

"Hukuiacha ipoe, Mama Gundi!" kijana aliyekuwa akimsaidia alisema.

"Pupa zangu. Nipe nyingine, mwanangu."

Safari hii alizima joto, akaacha mashine iendelee kubana, akaikalia mikono yake isije ikamponza.

"Umelala?" wenzake wakamtania.

"Subira huvuta heri. Nanyi vuteni viti."

Ilipopoa, wakailaza juu ya matofali. Desturi yao, aliyetengeneza paneli ya majaribio ndiye anayeikanyaga kwanza. Mama mdogo akapanda na mwili wote aliojaliwa, akaruka. Haikulia hata kidogo. Akashuka analia yeye.

Kikohozi hakikuondoka siku hiyo, kilipungua polepole. Juzi nikiwa sebuleni nilisikia vyombo jikoni, kisha wimbo. Nikakaza masikio, nikingoja ukatike. Ubeti ukaisha, akaanza wa pili, sauti ikipotea njia vilevile kama zamani. Namshukuru Mungu, namshukuru aliyebuni mashine ile, popote alipo. Mimi niliyekuwa nikimsihi anyamaze, nilisogea hadi mlangoni.

"Mama mdogo, hebu rudia pale mwanzo."