Magurudumu Mawili ya Nyuma

Shirika la mazao lilipovunjwa, madereva wenzake na mume wangu walipewa mizani, mabati na viti vya ofisini badala ya mafao yao. Yeye alipewa Landrova. Alikuwa akiiendesha tangu hajanioa, na siku alipoileta nyumbani Njombe na kuiegesha kando ya miti ya miwati alikaa ndani yake mpaka ukungu ukafunika vioo. Nilimpelekea chai humohumo.

"Angalau hii wameniachia," alisema.

Zilikuwa zama za ruksa. Kila mtu aliambiwa ajitegemee, nasi tukajitegemea. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mshahara ulikuja ulipotaka. Yeye akawa anabeba abiria na magunia kati ya Njombe na vijiji vya kwao Ludewa, ambako wakati wa mvua basi halikuthubutu kufika. Kwenye mlima wa matope alivuta kirungu kifupi chenye kichwa chekundu, magurudumu ya mbele yakaanza kuvuta pamoja na ya nyuma, na gari likapanda taratibu kama mtu mzima anayejua anakokwenda.

Halafu injini ikafa. Chuma kimoja ndani yake kilikatika mlimani, kikatoboa ubavu, oili yote ikamwagika barabarani. Giaboksi nayo ilikuwa hoi siku nyingi; gia ya tatu ilikuwa inachomoka yenyewe, na mume wangu aliizoea kwa kuikandamiza na goti. Lori la mbao lilituvutia gari mpaka nyumbani. Likakaa pale, na yeye akawa anaamka asubuhi, anavaa koti, anatoka kulitazama, anarudi ndani.

Injini ya aina ileile haikupatikana. Maduka ya vipuri aliyoyajua yalikuwa yamegeuka maduka ya redio na vitenge. Alikwenda mpaka Ludewa kwa miguu na kwa malori kuulizia gari bovu la misheni moja, akakuta watu wengine wameshaing'oa injini, na kuku wanataga chini ya boneti. Alirudi ameloa, akaniambia habari za wale kuku kwa kirefu, kana kwamba ndio aliowafuata.

Fundi wetu wa Njombe, mtu mpole aliyekuwa akivaa sweta mbili juu ya ovaroli, ndiye aliyetuambia habari za Makambako. Huko, karibu na stesheni ya reli, kulikuwa na mfanyabiashara aliyeshusha injini za mitumba za Kijapani kutoka Dar es Salaam. Tukaenda sote watatu, siku ya Jumamosi ili nami niwepo. Upepo wa Makambako ulikuwa unapeperusha vumbi la mbao uani kwake. Injini zilikuwa zimepangwa juu ya matairi, zingine bado zina maandishi ya kwao ya rangi.

Mwenye duka alikuwa mtu wa Kigoma, mwenye kanzu na sauti ya chini. Alitutafutia viti kwanza.

"Karibu, shemeji. Karibuni wote. Ni ya gari gani?"

Mume wangu alipomweleza, alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayesikia habari za mgonjwa anayemfahamu. Akatuonyesha injini ya dizeli iliyotoka kwenye basi dogo, imefungwa na giaboksi yake nyuma. Aliiunga kwenye betri palepale, ikawaka mara moja, ikatulia. Mume wangu aliweka kiganja juu yake. Nilimwona uso unalegea.

"Hii injini ni nzima," alisema mwenye duka. "Na giaboksi yake nzima, gia tano. Lakini nisikufiche, ndugu yangu. Hii ni ya basi. Inavuta nyuma tu."

Tukamgeukia fundi, naye akaeleza polepole, kidole kikionyesha hapa na pale. Tukichukua injini pamoja na giaboksi yake, gari litakuwa na nguvu na litadumu, ila giaboksi ile haina mahali pa kutolea nguvu za kwenda mbele. Tukichukua injini peke yake, atamtafuta mtu wa kukereza bamba la kuiunganisha na giaboksi yetu ya zamani, na magurudumu yote manne yataendelea kuvuta. Ila giaboksi ile imechoka, na dizeli inatikisa. Aliwahi kuona moja iliyofungwa hivyo. Ilipasuka kabla ya mavuno.

"Hakuna iliyokamilika?" niliuliza. "Injini, giaboksi, na hiyo ya mbele?"

"Zipo, shemeji," mwenye duka alisema. "Zinachukuliwa kabla hazijafika huku. Wanazichukua wenye migodi na wenye miradi."

Mume wangu alizunguka ile injini. Alichuchumaa, akasimama, akaenda mlangoni kuwatazama mafundi wa malori barabarani, akarudi.

"Wewe unaonaje, baba watoto?" nilimuuliza.

"Naona nachagua mguu wa kukatwa," alisema.

Fundi aliinamisha macho. Tulikaa pale hadi adhana ya adhuhuri ikasikika, mwenye duka akatuomba radhi, akaenda kuswali, na aliporudi akatukuta vilevile. Hapo ndipo mume wangu aliposema atachukua injini pamoja na giaboksi yake. Gari linalosimama njiani kila wiki halina abiria, alisema, na siku za mvua atabaki kwenye lami, Njombe na Makambako, ataacha milima.

Fundi alifanya kazi nzuri. Alikata shafti ya nyuma akaiunga upya, akasogeza radieta, akatengeneza vishikizo vya injini kwa vyuma vya reli. Kirungu chenye kichwa chekundu kiliondolewa, tundu lake sakafuni likazibwa kwa kipande cha mpira. Gari lilipowaka, majirani walitoka kusikiliza. Nililia kidogo, nikajifanya ni moshi. Mume wangu aliliendesha mpaka barabara kuu na kurudi, akashuka.

"Linakimbia," alisema tu.

Mvua zilipokolea, mdogo wake alifika kutoka Ludewa akiwa na matope mpaka kifuani. Mama mkwe wangu alikuwa ameugua tumbo ghafla, limejaa na kuwa gumu, na hospitali ilikuwa mbali ng'ambo ya mlima. Tulitoka muda uleule. Njiani injini haikukosea hata mara moja. Ilinguruma sawasawa, gia ziliingia kama kisu kwenye siagi, na kila nilipomtazama mume wangu alikuwa anatazama mbele, kule ambako barabara ilianza kuwa nyekundu na laini.

Tulikwama kwenye mlima wa mwisho. Kutoka pale tuliziona paa za kijiji chao juu, na moshi. Magurudumu ya nyuma yalizunguka papo hapo yakirusha matope, gari likateleza kuelekea shimoni. Tulikata matawi, tukaweka mawe, tukasukuma. Alirudi nyuma akajaribu tena, na tena. Mkono wake ulikuwa unakwenda chini, pale kwenye kile kipande cha mpira, unashika hewa. Sidhani kama alijua.

Mdogo wake alipanda mbio kuwaita watu. Walimteremsha mama kwa machela ya mianzi, wanaume wanabadilishana mabega, wanawake wanafuata na mwavuli mmoja. Tuliwaona wanakuja kwa muda mrefu. Kisha tukaona wamesimama. Waliiweka machela chini, mwanamke mmoja akakaa matopeni, na sauti ya kilio ikatufikia.

Mume wangu hakuzima injini. Alisimama kando ya mlango, mkono juu ya boneti, na injini ikaendelea kuzunguka, tulivu, bila kutikisika. Mimi ndiye niliyeingiza mkono ndani nikaizima.

Baada ya matanga tuliteremka kurudi Njombe, jua limewaka na barabara imeanza kukauka. Tulipoingia kwenye lami alibadilisha gia.

"Inavuta vizuri," alisema.



Aliendelea kubeba abiria wa lami kwa muda, lakini mabasi madogo yalikuwa yameshajaa pale stendi, na hakuna aliyetaka kukaa kwenye benchi la Landrova kama kuna kiti. Mtu mmoja wa Mahongole alikuja akanunua injini na giaboksi, apeleke kwenye basi lake. Waliing'oa mchana, mume wangu akiwa shambani. Aliporudi alinawa mikono, akaomba chakula.

Sasa analima viazi. Wapo wazee mtaani ambao bado wanamwita Dereva wakimwona anapita na jembe. Tukiwa pamoja, yeye hupita tu, kama mtu asiyesikia. Mimi humsalimia yule aliyeita, kwa niaba yake, kisha tunaendelea na safari.