Mwimbaji wa Kichina aliyekaa ukutani kwetu Kanoni, na santuri niliyoianika juani

Wakuu, habari za mchana. Wa umri wangu humu ndani tunahesabika, kwa hiyo shikamoo zenu nimezipokea zote kwa mkupuo. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na chumvi sijaongeza.

Ni miaka ya hamsini, Kanoni, Karagwe. Nina kama miaka kumi na miwili.

Tata, ndivyo tunavyomwita baba, alirudi kutoka vita vya Burma na vitu viwili: sahani ya santuri, na picha ya mwimbaji wa Kichina ambaye pia alikuwa mwigizaji wa sinema.

Maneno hakurudi nayo. Wiki nzima angeweza kusema "leteni maji" tu, basi.

Ila Jumapili baada ya kanisa aliibeba santuri hadi dukani kwa Mhaya mmoja wa Muleba, mwenye gramafoni. Mimi nyuma yake. Ile sauti ikianza, tata anafunguka.

Ndipo aliponisimulia maisha ya yule dada, kama alivyosimuliwa na dereva wa Kichina kambini. Binti wa kinyozi, mji wenye mto mkubwa. Ana miaka kumi na mitatu, anaimba kwenye nyumba ya chai. Wakamchukua kwenye sinema kwa sababu akilia, machozi ni ya kweli. Akavuma hadi sura yake ikawa inauza sabuni. Vita ikaja, mji ukatekwa, jenerali wa adui akamwita amwimbie. Akajibu koo linauma.

Wakuu, hilo koo liliuma miaka minne!

Baada ya hapo dereva hakujua. Kwa hiyo tata alimalizia mwenyewe, kila Jumapili kivyake. Mara amefungua duka la vitambaa, mara yuko melini. Tukirudi nyumbani mvua imetoka kunyesha, mvuke unapanda migombani, mimi nilimwona kabisa anatembea mbele yetu na gauni lake refu, tope halimshiki.

Mama hakumpenda. Alimwita "mke mwenzangu wa ukutani."

Sasa kosa langu. Siku moja kabla ya Pasaka, tata yuko Igurwa kwa ndugu, nikaamua kuisafisha santuri maana ilishaanza kukwaruza. Nikaiosha kwa sabuni. Kwetu kitu cha thamani kilianikwa mahali pazuri kuliko pote, yaani mkekani penye buni. Nikaiweka katikati ya kahawa, nikaenda kisimani.

Nakuta imejikunja kama jani la mgomba lililopitishwa motoni.

Kipigo sikukiogopa. Niliogopa tata atanyamaza, na safari hii moja kwa moja.

Jioni akarudi, akaiona. Akakaa kizingitini, kaishika mkononi.

"Tata, nisamehe. Ni mimi."

Akaigeuza upande wa pili.

Sikuwa na kingine cha kumpa. Nikafumba macho nikaimba ule wimbo, kwa lugha ambayo sijui hata neno. Ubeti wa pili nikakwama.

Sauti ikaudaka kutoka jikoni. Mama! Anamenya ndizi, na ubeti wa pili anao wote.

Tata akageuka. "Mama Koku, umeujulia wapi?"

"Unauimba usingizini tangu urudi," mama akasema. "Ulidhani nani analala hapo pembeni?"

Tata akacheka. Mimi kicheko chake nilikuwa sijawahi kukisikia. Kisha akasogea kando pale pale kizingitini, akamwachia mama nafasi.

"Njoo ukae nikwambie. Baba yake alikuwa kinyozi."

Mama akaja na kisu chake na ndizi zake. Mambo ya Burma, yale ambayo mimi sikuwahi kuambiwa, aliambiwa yeye jioni ile.

Nilichojifunza: mtu wako akinyamaza, usikae unasubiri aanze yeye. Anza wewe, hata kama utakosea.

Wenye wazee waliotoka vitani, wenu walirudi na nini? Tupieni hapa. Nasoma polepole, miwani yenyewe ya kuazima, lakini nasoma yote.